Kisima Kikavu Nacho Huzibwa

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zikufikie huko kwenye jukwaa lenu la mafuta. Sisi hapa Likoni wazima. Dadako kajifungua mtoto wa kiume, sauti yake inamshinda muadhini.

Umeniuliza: kisima kimetoka kikavu, nirudi nyumbani nikaseme nini?

Ujanani nilifanya kazi kwenye meli ya kuchimba mafuta, mbele ya pwani yetu hii. Mawimbi na taabu zake unazijua, sikusimulii. Mwisho wake, mafuta hatukuyapata. Sisi vijana tukaanza kufunga mizigo. Mkuu wetu wa zamu akaagiza saruji. Tukakiziba kisima, tukapima, saruji haikushika vizuri; uchafu wa chini ungeweza kuvujia baharini. Akasema turudie.

Nikamwambia, "Mzee, kwani si kitupu hicho?"

Akanijibu bila kugeuka, "Kisima ndicho kitupu. Bahari si tupu."

Tukarudia mpaka ikashika.

Jana bibi yako kapika samaki changu wa kupaka, kavuliwa bahari ile ile. Wako atakuwekea, inshallah. Ukirudi usinieleze mlichokikosa. Nieleze mlivyokiziba.

Babu yako,
Likoni