Chupa Tisa za Kabatini

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye leo anaandika mbio mbio kwa furaha, kwa hiyo uuvumilie mwandiko. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima; meno yaliyobaki yanatosha, na miwani mipya imenirudisha kwenye vitabu vyangu. Barua yako ilifika Alhamisi, na juu ya bahasha umeandika, kama kawaida yako, "Kwa Bwana Meneja". Hilo nitalirudia. Simu nakupigia kila Jumapili, lakini haya ya leo hayafai simu, maana kwenye simu mimi ni mwoga.

Nianze na furaha. Pipa namba kumi na nne limefunguliwa! Nilishakueleza kazi ya hapa kiwandani: bia nyeusi, nzito karibu kama uji, hupikwa kwa shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa kama kahawa, kisha hutiwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyokuwa na wiski, na humo hulala miezi kumi na moja. Mwaka jana pipa hili lilikuwa linavuja, na wakubwa walitaka likatwe katikati lipandwe maua. Nikang'ang'ana. Nikalegeza pete zake za chuma, nikapachika nyasi kavu kati ya mbao mbili zilizoachana, nikabana tena kwa nyundo, nikalijaza maji ya moto na kukaa kando yake siku mbili nikipapasa kila mshono kwa kiganja. Halikutoa hata tone, nalo likatiwa bia. Jumamosi asubuhi mpishi wetu wa bia, binti hodari wa umri wa kifungua mimba wako, alivuta glasi ya kwanza, akanusa, kisha akapiga kelele kwamba mzee aje haraka aone alichokifanya.

Kila mwaka mfanyakazi wa hapa hupewa chupa mbili za bia hiyo. Moja mimi huinywa. Ya pili, kwa miaka tisa sasa, nimekuwa nikikuwekea wewe, kwa sababu ni wewe uliyekuwa ukilamba povu la bia ya baba akigeuka tu, ukabaki na masharubu meupe huku unaapa kwamba hujagusa kitu. Mwaka huu, kwa ajili ya lile pipa, nimepewa chupa nne.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Jirani yangu, mfamasia mstaafu ambaye ukimwazima kitabu hukirudisha kimejaa masahihisho, alikuwa amekuja kuonja. Alishikilia kwamba bia ya namna hii kuinywa ikingali mpya ni ushamba mtupu. Ilazwe miaka mitano, ndipo mtu azungumze. Mpishi akamjibu kwamba aliyeipika ni yeye. Alikiri kwamba ikilazwa vizuri wiski hupunguza sauti na utamu husogea mbele, lakini ile harufu kali ya kukaangwa hufifia, na ikishaondoka hairudi tena. Mfamasia akamtupia kwamba vijana hawana subira. Naye akamrudishia kwamba wazee mna subira mpaka mnasahau mlichokuwa mnakisubiri. Nilicheka sana, ila lilinichoma mahali fulani.

Nikasema mashahidi ninao. Nikakimbia kwangu, naam, nilikimbia, na magoti haya haya, nikarudi na zile chupa tisa zikigongana kwenye kikapu. Tukaanza na kongwe kuliko zote. Mfamasia alibandua nta ya kizibo kwa kisu kidogo kama mtu anayefungua wosia, akamimina, akazungusha glasi, akatangaza kwamba hiyo ndiyo heshima ya umri. Kisha akanywa. Mdogo wangu, ungeuona uso ule! Alimeza kwa sababu tu ya adabu, halafu akauliza kwa upole kama kuna maji. Nilionja mwenyewe: karatasi iliyoloa, na uchachu nyuma yake. Tukafungua ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa. Zote hivyo hivyo.

Mpishi akaniuliza nilikuwa nazitunza wapi. Nikamwambia kabatini, kando ya kitanda, pale bomba la maji ya moto linapopita ukutani. Akashika kichwa. Akasema mzee, hizi hukuzilaza, umezipika mara ya pili. Chupa inataka giza na baridi isiyobadilika. Nikamweleza kwamba handaki la chini ya nyumba lina baridi ya kukata mifupa, na sikuona sawa kitu ninachomwekea dada yangu kikalale kule. Waliangua kicheko wote wawili, na mimi nikawafuata, mpaka mfamasia akavua miwani kufuta machozi. Kisha binti yule akauliza, bila ubaya wowote, huyo dada anakuja lini. Nikaanza kuzirudisha chupa tupu kwenye kikapu.

Sasa nisikilize, na uwe umekaa. Mara tatu umeniomba uje, na mara tatu nimekuandikia kwamba ofisi ya uhamiaji imekataa. Ofisi haikukataa. Sikuwahi kuomba. Mwaka ule wa kwanza, tulipopoteana kituoni tukiwa njiani kuja huku, na wewe ukarudi nyumbani na mama, nilikuandikia kwamba nimekuwa meneja na nina nyumba yenye bustani, ili mama alale usingizi. Si meneja. Natengeneza mapipa, na siku nyingi nayaosha tu. Nina chumba kimoja, na bafu tunachangia na mfamasia. Mama alifariki akiamini, na wewe ukaendelea kuandika "Bwana Meneja", nami nikawa nangoja uongo ule uive uwe kweli ndipo nikuite. Miaka thelathini na minne nimekuweka kando ya bomba la moto. Nisamehe.

Siku ile ile tulifungua chupa moja kati ya zile nne, nasi tukainywa hapo hapo, mpya. Mfamasia alisogeza glasi aongezwe, bila sahihisho hata moja. Ilikuwa na moshi, na sukari iliyoungua, na wiski ikipiga kelele kama mtoto aliyefunguliwa mlango, na chini kabisa nikausikia ule ubao niliouziba kwa mikono yangu. Nikapata akili.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya uhamiaji. Afisa alinihoji cheo changu kazini, nikamtajia kilivyo, akaandika bila hata kuinua macho. Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya mwaliko yenye muhuri wao. Chupa mbili nimempa mpishi azitunze kwenye ghala lake la baridi. Ya tatu nimempa mfamasia, ambaye ameapa kuilaza miaka mitano na hatafika hata Ijumaa. Zetu nimeziandikia tarehe: mwezi wa tisa. Hazitauona wa kumi. Usiniambie goti, kitanda utakilalia wewe, mimi nitajikunja kwenye kiti.

Msalimie shemeji, wabusu wajukuu, na uje na masharubu yako.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Mapipa