Kitabu cha Pili Kabatini

Ofisi ya Kata ya Lielstrauti,
Kurzeme.
Jumanne, 16 Mei 1906

Mpendwa Mama Mkubwa Karlīne,

Kabla ya salamu nakuomba, nakusihi: funga mlango, usome barua hii peke yako, na ukimaliza uitie motoni. Usimsomee jirani, usimsomee mchungaji, wala usiiweke ndani ya Biblia pamoja na barua za marehemu mama yangu. Anwani na tarehe nimeziandika kwa mazoea ya mkono tu. Nilipoziona nilitaka kuanza upya, lakini karatasi nzuri ni chache na muda ni mchache zaidi.

Hujambo, mama? Kifua kimetulia? Nimesikia kwamba upepo wa bandarini mwaka huu umekaa Liepāja hadi Mei, nikakuwaza na ile kofia yako nyembamba. Umepata mpangaji wa chumba cha mbele? Mimi mwilini sina neno. Cheri mwitu zimetoa maua kando ya mto, na baridi imerudi nazo kama kila mwaka. Kaburi la mama nimelipalilia siku ya Jumapili. Sikulala vizuri siku nne hizi, na sasa nitakueleza sababu.

Unakumbuka mkutano wa Novemba kanisani, watu walipochagua wanaume kumi wa kuiendesha kata badala ya watu wa Baroni. Karani mkubwa alisema jino linamuuma, akaenda nyumbani, nikashika kalamu mimi. Nilijivuna siku ile. Niliandika majina ya wale kumi kwenye kitabu cha mikutano, kwa mwandiko wangu bora, na niliandika kama sote tunavyosema huku. Hakuna anayemwita mtu kwa jina la ukoo. Tunamwita kwa nyumba yake, hata kama ameipanga tu kwa Baroni. Basi kwenye mstari wa saba niliandika: “Dzērves, mwenye nyumba.” Na mwenye nyumba ya Dzērves wakati ule, mama, alikuwa mwanao Mārcis.

Desemba kasri la Baroni likaungua. Mārcis hakuwasha moto. Nilimwona kwa macho yangu amesimama na ndoo, akibishana na wanaume wawili waliolewa. Lakini Januari wanajeshi wa serikali walipokuja hawakuuliza nani alishika ndoo na nani kiberiti. Wawili walipigwa risasi nyuma ya kiwanda cha mbao. Karani mkubwa akatoroka. Mimi nikabaki na funguo.

Sasa utaniuliza kwa nini sikuchoma kile kitabu majira yote ya baridi, na jiko la ofisi likiwaka kila siku. Nimejiuliza hivyo mpaka kichwa kinauma. Kurasa zake zimetiwa namba, zimepitishwa uzi, na mwisho wa uzi una lakiri ya serikali. Siku ya kwanza ya kazi nilifundishwa kwamba anayechana ukurasa wenye namba anafungwa. Mara tatu nilikitoa kabatini, nikafungua mlango wa jiko, nikaitazama ile lakiri, nikakirudisha. Niliogopa nta nyekundu kuliko nilivyowaogopea watu. Sina maelezo mengine.

Ijumaa iliyopita wakaja. Alikuja kapteni na wanajeshi sita, pamoja na Bwana Rapp, msimamizi mpya wa kasri, ambaye Baroni amemleta kutoka mbali baada ya yule wa zamani kukimbia. Bwana Rapp alifungua kabati mwenyewe, akakitoa kitabu cha mikutano, akanipa nisome kwa sauti. Nilisoma. Sita katika wale kumi walikwisha vuka mpaka, wawili ndio wale wa kiwanda cha mbao, mmoja yuko gerezani tangu Februari. Nilipofika mstari wa saba kapteni aliuliza kama nyumba ya Dzērves ipo. Nikasema ipo. Nilisema neno hilo moja tu, mama.

Wakamleta Andžs Pūpols.

Humjui. Sisi wenyewe hatukumjua hadi Siku ya Mtakatifu Georgi mwezi uliopita, wapangaji walipohama kama kila mwaka. Siku ileile Mārcis alipopakia vyake kuja kwako, mkokoteni wa Andžs ulikuwa unaingia kwa njia ya darajani, kutoka kata ya ng'ambo ya mto, na ng'ombe mmoja, saa ya ukutani, na mkewe Līze ambaye tumbo lake liko mwezi wa saba. Aliikuta nyumba tupu na jiko limefagiliwa. Mārcis hakumwona hata kwa sura. Lakini anayelala Dzērves ndiye mwenye nyumba ya Dzērves, na jina la mstari wa saba likamwangukia yeye.

Alisimama mbele ya meza yangu na matope ya shamba magotini, hana hofu, anacheka kidogo.

“Mabwana, mimi hapa hata kisima nakitafuta bado. Kasri lilipoungua nilikuwa kwetu nachinja nguruwe. Muulizeni karani huyu, yeye ndiye aliyeniandika nilipohamia. Si ndiyo, bwana mdogo? Ulinisifia saa yangu.”

Ni kweli niliisifia.

Bwana Rapp akasema kila mtu wa kata hii siku hizi amehamia jana, na ana mashahidi wa kuapa hivyo. Vitabu vya upangaji vya kasri viliungua na kasri, kwa hiyo yeye hana pa kuhakikisha. Kapteni akanigeukia. Hakuwa mkali, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza kama kuna maandishi ya mtu huyu kuhamia.

Nikasema makaratasi yamevurugika tangu majira ya baridi, nitatafuta.

“Tafuta,” akasema. “Jumamosi asubuhi nitakaa na maafisa wawili kwenye ukumbi uliosalia wa kasri. Ukileta maandishi, nitayatazama. Usipoleta, nitajua ndiye huyu.”

Mama, hakuna kilichovurugika. Kitabu cha wanaohama na wanaohamia kiko kabatini, rafu ya pili, nyuma ya chupa ya wino. Naweza kukigusa kwa mkono bila kuinuka kitini. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja imeandikwa, kwa mwandiko wangu, kwamba Andžs Pūpols aliingia Dzērves tarehe 23 Aprili. Na mstari ulio juu yake, kwa wino uleule, unasema nani alitoka Dzērves siku hiyo na ameelekea wapi: jina kamili la Mārcis, Liepāja, kwa mama yake, na mtaa wako, na namba ya nyumba yako.

Mistari hiyo imegusana. Huwezi kuonyesha mmoja ukaficha mwingine. Hivi sasa ningechana ukurasa wowote bila kujali lakiri, na ukurasa huu ndio nisioweza kuuchana, kwa sababu ndio pumzi ya Andžs.

Na nikisema kwa mdomo tu, kapteni atauliza aliyetangulia ni nani na yuko wapi, kisha atakitaka kitabu hichohicho. Majirani wa Dzērves nao wamejifungia. Kumtetea Andžs ni kumtaja Mārcis, na Mārcis wanampenda.

Līze anakuja kila asubuhi. Anatembea maili tatu na tumbo lile, anakaa kwenye benchi chini ya dirisha, anafungua kitambaa na kunikatia mkate mweusi na jibini.

“Kula, bwana karani. Mtu mwenye njaa haoni vizuri, na mimi nataka uone.”

Kisha ananitazama nikifunua vitabu. Navifunua vya ushuru wa barabara, vya chanjo, vya farasi waliopotea. Nafunua taratibu, natikisa kichwa. Jana alisema, “Hilo kabati si msitu. Kitabu kinapotelea wapi humo?” Akacheka mwenyewe, lakini mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa benchi. Alipoondoka aliniachia kipande cha jibini kilichobaki. Nilikitazama mpaka jioni.

Andžs wamemweka kwenye ghala la barafu chini ya kasri, ule upande usioungua. Naambiwa anaimba humo ili apate joto.

Nimemweleza mtu mmoja tu, Mzee Vilips, mkuu wa kata. Nilidhani ataniambia la kufanya, na kweli aliniambia. Alifunga mlango, akakaa juu ya sanduku la kura, akashusha sauti.

“Teodors, mwanangu, ofisi hii ina panya. Panya wanakula kamba, wanakula gundi, kitabu kizima wanakimaliza kwa wiki. Nani atamlaumu panya?”

Nikasema, “Na Andžs, mzee?”

“Andžs ni mgeni. Hata mbwa wa hapa hawajamzoea. Mārcis ni wetu, ni damu yako wewe. Au wino umekuingia kichwani?”

Kisha akalia, mama. Sijapata kumwona mzee yule akilia. Alisema ana wajukuu, na kwamba Novemba yeye ndiye aliyempendekeza Mārcis. Aliondoka bila kofia yake, na ipo hapa mezani ninapoandika.

Nimefikiri kukuuliza ushauri, kisha nikaona ni ukatili kumwuliza mama swali kama hilo. Kwa hiyo sikuulizi. Nakwambia nitakalofanya, ili usilisikie kwa mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi nitakibeba kile kitabu hadi kasrini, na nitakifungua ukurasa wa arobaini na moja.

Mama, usinilaani kabla hujasoma mstari unaofuata. Leo ni Jumanne. Mikononi mwako, barua hii ikifika kesho jioni, kuna siku mbili kamili na nusu. Mwambie Mārcis asilale nyumbani hata usiku mmoja zaidi. Asiage rafiki, asimalize ujira wa wiki. Pale bandarini kuna meli za mbao zinazokwenda Uingereza na Denmaki, na yeye anajua manahodha kuliko mimi ninavyojua herufi. Akishapanda, anwani ile kitabuni itakuwa anwani ya chumba kitupu. Wakija kwako, sema ulimfukuza kwa ulevi. Watakuamini, una uso wa mtu anayeweza kufukuza.

Siwezi kungoja zaidi ya Jumamosi. Ningeweza, ningengoja mwaka mzima.

Utasema ningekimbia mimi mwenyewe na kitabu kibaki kabatini wakione. Nimewaza hilo pia, zaidi ya mara moja. Lakini Bwana Rapp hasomi Kilatvia, na Mzee Vilips anao ufunguo wa pili na ana wale panya wake. Mimi nikiondoka, kitabu hakitafika Jumamosi.

Mwambie Mārcis kwamba nilimwandika Novemba kwa sababu nilimwonea fahari. Mwambie anisamehe kwa ule mstari wa saba na kwa huu wa ukurasa wa arobaini na moja. Alikuwa akiniita Vidole-Wino tangu utotoni, na nilikuwa nakasirika. Sasa ningetoa chochote anipigie kelele jina hilo kutoka ng'ambo ya ua.

Nisalimie Shangazi Doroteja na mumewe. Msalimie Ernestīne mdogo, mwambie ule mchoro wa farasi aliouleta Pasaka bado umebandikwa ukutani kwangu. Salamu pia kwa mpangaji wako wa chumba cha nyuma, yule mzee fundi wa saa, ila usimwambie zimetoka kwa nani. Mungu akufunike, mama, akipe kifua chako pumzi na mlango wako amani, na kila aliye majini amfikishe nchi kavu.

Sasa sikiliza namna ya kunifikia, na tafadhali usibadilishe hata kidogo. Usitumie posta; barua zote zinafunguliwa kasrini. Usitumie simu ya waya. Karani wa stesheni anakunywa na Bwana Rapp. Barua hii anakuletea Mama Trīne, muuza siagi. Hajui kusoma na hajui lolote. Anadhani naulizia afya yako. Mnunulie siagi, umlishe, umwache alale jikoni kwako. Ijumaa alfajiri anarudi huku na ndoo zake tupu.

Kwenye mpini wa ndoo ndogo funga uzi wa sufu. Mārcis akiwa amekwisha panda meli, funga mwekundu. Akiwa hajapanda, funga mweupe. Usiandike neno, usitume kitu kingine. Ijumaa jioni nitakuwa nimesimama kwenye kivuko cha mto, kama mtu anayetaka kununua maziwa, na nitautazama mpini.

Ukiwa mwekundu nitapanda ngazi za kasri wima. Ukiwa mweupe nitazipanda vilevile, ila nataka nijue.

Baada ya Jumamosi adhuhuri usinitafute ofisini. Wataniuliza kwa nini nilitafuta siku nane kitu kilichokuwa karibu na kiwiko changu, na sina jibu watakalolipenda. Mtume Mama Trīne kwa Līze, nyumba ya Dzērves, njia ya darajani. Yule atajua niko wapi. Na kama mlango wa Dzērves ataufungua Andžs mwenyewe, basi mwambie Mama Trīne amsalimie na aulize kama ile saa bado inakwenda.

Mimi niliye mtoto wa mdogo wako, nikupendaye leo na huko nitakakokuwa,

Teodors