Gari la ndagala la mukwe wangu

Siku ya posho, 1 Juni

Weye mwanamuke, umekuwa wapi? Tangu mvua kubwa haujafungua hii kaye ya kuandikia. Wamama wa kanisa walikufundisha herufi ukiwa bibi kizee, mujukuu mugongoni, na weye unaziacha zikauke kama ndagala juu ya muchanga. Aibu. Kaa. Andika.

Nimetwanga sombe ya majani ya muhogo. Mukono unauma. Mu parseli yetu, hapa uani, hakuna pa kuanika nguo, gari la Byamungu limekula nafasi yote. Byamungu ni mukwe wangu, bwana ya binti yangu Faida. Anaunganisha vyuma kule Kasenga. Hili gari lilikuwa linabeba ndagala, alilipata kwa bei ya bati. Nyuma hakuna kiti hata kimoja. Anataka kuligeuza nyumba ya kulala, tufike wote mji wa Baraka kwa yaya Mapendo, dada yangu mukubwa. Macho ya yaya yanazima. Alituma sauti mu telefone: anataka kuona uso wangu mbele giza halijafunga. Kwake ni chumba kimoja kimejaa watu, na hoteli ni ya wenye dola. Ndiyo maana gari.

Ametoboa dirisha. Vitanda ni mbao za masanduku ya sabuni. Inje, pembeni ya paa, ameunganisha pete za chuma. Sijui za nini.

Faida akaniita: "Mama, kuja uone kitanda chako."

Nikaona. Changu huku, kingine kikubwa pale. Katikati, kitambaa. Mama mukwe analala wapi chumba kimoja na mukwe? Kitanda chake hata kukiangalia siangaliake. Lakini kusema vile, mbele ya watoto? Nikasema tu, "Inanuka samaki. Siingii."

Ilikuwa inanuka? Kidogo. Nimekula ndagala maisha yangu yote.

Siku ya tatu, 5 Juni

Amesugua na majivu. Na ndimu. Faida ameniita ninuse. Nimenusa. Hakuna kitu.

Nikakunja pua.

Siku ya Mungu, 9 Juni

Byamungu hakuja kanisani. Alikuwa anangoa sakafu ya gari, eti harufu imejificha chini. Sakafu nzuri, mupya. Mahubiri sikuyasikia. Nilisikia nyundo tu, na nyundo iko mbali.

Nimemupikia samaki mukeke mukubwa, nikamutumia Faida apeleke. Juma lote ninamulisha kama bwana harusi. Ni dhambi inapika, siyo minye.

Siku ya posho, 15 Juni

Sauti nyingine toka Baraka. Yaya anaona saa sita tu, jua likiwa kali. Watu wamekuwa vivuli.

Byamungu ameungua mukono wakati wa kukata chuma chenye kutu. Niliwasikia nyuma ya jiko.

"Mama yako ananiona muntu wa bure. Siyo gari inanuka. Ni minye."

"Nyamaza. Anakupenda kuliko anavyonipenda minye."

"Basi umupatie pua ingine!"

Faida akacheka. Yeye hakucheka.

Nilienda kulala bila kula. Mwanaume mwema anaungua juu ya uongo wangu. Na yaya anaishiwa na jua.

Siku ya kwanza, 17 Juni

Nimesema. Si kwake. Mambo ya kulala nitamwambiaje mukwe uso kwa uso? Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Kuku alikuwa anachakura karibu. Nikamusemesha kuku, kwa sauti, kama mama yangu alivyofanyaka akitaka mukwe asikie.

"Weye kuku, usifikiri ninakataa juu ya harufu. Harufu ilikwisha zamani. Minye ni mama ya muke wake. Nitalala wapi, pembeni ya mukwe?"

Nyundo ikanyamaza. Kisha sauti toka chini:

"Weye kuku, umwambie mama kwamba hata minye nilizaliwa na watu. Zile pete za inje ni za kufungia bashi, turubai la mvua. Chini ya bashi ni kwangu kulala. Nilipanga vile tangu mwanzo. Kile kitanda kikubwa ni cha Faida na watoto."

Kuku akajiendea.

Nilikaa juu ya kinu. Nilimuzania hana adabu, kumbe adabu yake ilikuwa mbele ya yangu. Kuuliza tu. Neno moja kwa Faida, na tungekuwa Baraka.

Siku ya tano, 28 Juni

Bado tuko hapa. Sakafu aliyoingoa Byamungu sababu yangu inaomba mbao mupya, na mbao zinaomba kazi ya kulipwa kwanza. Anafanya kazi ya watu muchana, magaribi anafanya yetu. Hanilaumu. Heri angenitukana.

Baraka hawatumi tena sauti. Siulizi.

Siku ya posho, 6 Julai

Mboko, njiani kwenda Baraka. Tumetoka asubuhi, vumbi mu meno, watoto wakiimba mpaka wakachoka. Gari linapanda kilima likikohoa kama minye. Tumepika bugali pembeni ya ziwa, juu ya mbabula ya makaa iliyofungwa nyuma ya mulango. Kila kitu kina mahali pake: sufuria, bidon ya maji, hata kijiko. Kitanda changu Byamungu amekiweka chini, sababu ya magoti yangu yanayouma. Sikumwomba.

Yeye amefunga bashi kwenye pete. Imbu ni wengi hapa. Nimemutumia blanketi yangu. Amerudisha.

Siku ya kwanza, 8 Julai

Baraka.

Yaya alikuwa amekaa mulangoni. Nilisimama mbele yake, mahali pa jua. Akauliza, "Nani ananizibia joto?"

Hata saa sita hakuna kitu tena. Giza lilifunga juma lililopita.

Alinipapasa uso, paji, masikio. Akasema nimekonda. Kisha akapapasa gari lote ndani: mbao, kitambaa, kona za dirisha. Alimusifu Byamungu mpaka kijana wa watu akatazama chini. Kisha akaniuliza, taratibu, kwa nini nilichelewa.

Nikasema, "Barabara ilikuwa mbaya."

Barabara kavu kabisa. Byamungu alisikia. Alichukua bidon, akaenda kuchota maji.

Sasa yaya amelala kwenye kitanda changu, mulango wazi, upepo wa ziwa unaingia. Mukono wake uko juu ya goti langu. Ninaandika na mukono mumoja.

Weye, ukija kufungua hii kaye tena, usiandike herufi hata moja kama bado hujamwambia yaya ukweli. Funga. Nenda umushike mukono, mwambie haikuwa barabara. Mwambie Byamungu akiwa karibu, asikie. Kisha ndiyo urudi.