Ukuta Niliopaka Chokaa

Masunga, ng'wanawane, mwanangu,

Mwadila. Nakusalimia mimi mayu, mama yako. Baba yako anakusalimia, yuko Kasoli kwenye pamba, mgongo unamsumbua ila hasemi. Bibi yako anakusalimia, kila pikipiki ikisimama nje anakuita wewe. Mkeo Kabula anakusalimia, sasa anakula, mwezi uliopita alikuwa hali. Mtoto wako Limi anakusalimia, ameota meno mawili ya chini, na juzi nimemkuta anatafuna msasa, nikapiga kelele mpaka majirani wakaja. Hata yule ng'ombe wa madoa yupo. Nikitaka kuandika "na wewe hujambo?" kalamu inagoma, basi hapo naruka.

Mwanangu, nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kazi yako ya kaboni za mota, vile vipande vyeusi vinavyosuguana na shaba inayozunguka ndani, tunaifanya mimi na Kabula. Yeye anakata vipande kwa msumeno wa chuma, mimi nasugua kwenye msasa mpaka kipande kiingie kwenye nyumba yake ndani ya mota bila kulazimishwa, kama ulivyokuwa unasema. Waya wa shaba anautia yeye, mimi macho hayaoni tundu. Tunafunga kitenge puani wote wawili, vumbi lisituingie. Wewe ulikataa. Uliniambia, "Mayu, unataka watu wadhani mimi ni mwizi?" Tukacheka. Kifua chako kikaanza kukohoa, bado tunacheka tu.

Sasa sikia nilichofanya. Siku ile ulipoletwa kutoka hospitali, watu walikuwa wanakuja kulia, na kile chumba chako cha kazi ndicho kikubwa. Nikaona ukuta mweusi, mistari mistari, na vimaandishi kando yake. Nikasema mwanangu hatalaliwa matanga kwenye uchafu. Nikachukua chokaa, nikapaka mwenyewe, mara mbili, huku nalia. Kabula alikuwa amelala ndani hajitambui. Hakuna aliyenishika mkono.

Ile mistari, mwanangu, nilishawahi kukuuliza. Ukajibu, "Hilo ni daftari langu, mayu." Nikadhani unanitania, maana daftari la shule lilikushinda ukiwa darasa la sita. Mbona hukusimama ukaniambia vizuri? Mimi nimesoma mpaka la nne, nikiambiwa naelewa. Mbona ulicheka?

Kabula ndiye aliyenieleza, matanga yameisha. Kila kipande cha kaboni ulikuwa unakichora ukutani. Kikitoa mstari mweusi mnene ni laini, kikitoa mstari wa kijivu ni kigumu, na kando unaandika kinafaa mota gani. Aliponiambia hivyo nilikaa chini palepale. Tulikwangua ile chokaa kwa kisu. Ikatoka na udongo, na mistari ikatoka nayo.

Kiwanda cha pamba kikaleta kazi kama kawaida yao, kaboni za zile mota zao mbili za zamani. Tukasema hizi Masunga kazitengeneza kila mwaka, zitatushinda vipi? Tukazikata kwenye kipande kilichokuwa juu katika kopo lako. Nilizisugua siku mbili, Masunga, zilikuwa nzuri, zimenyooka kama meno ya Limi. Siku ya tatu fundi wao akarudi nazo mkononi. Zilikuwa ngumu mno, zimechimba shaba ya mota mifereji. Unayajua maneno yake. Akasema, "Mama Masunga, nilikuomba kaboni, umeniletea tupa?" Waliokuwa pale wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaingia ndani nikalia kwenye debe la mahindi.

Si mtu mbaya. Shaba wameisawazisha, akatupa nafasi moja tena. Magari ya pamba yanaanza kuingia Jumatatu. Zikiharibu tena ataagiza Mwanza, na akishazoea Mwanza hatarudi hapa. Wateja wengine wote wanamwangalia yeye. Kiwanda kikituacha, nani atamwamini bibi kizee na mjane mwenye mtoto mgongoni?

Tumechora upya vipande vyote kwenye mifuko ya saruji. Cheusi tunakijua, cha kijivu tunakijua. Tusichokijua ni mota ipi inataka kipi. Zile kaboni zao kuukuu tungezipima, lakini ulizichukua wewe ukazitia kwenye makopo, zimechanganyika na nyingine zote. Kabula anasema tuchukue zilizo laini kabisa. Mimi nasema hizo zitaisha kama sabuni, wiki moja mota imejaa vumbi inatoa cheche, na pamba ipo karibu. Moto, mwanangu! Jana tumegombana mpaka uji ukaungua. Baadaye tukaunywa hivyohivyo.

Mwisho nimekata za katikati. Sio kwa kujua, kwa kuogopa pande zote mbili.

Nikuahidi nini? Jumatatu nitazipeleka mwenyewe, nitasimama hapo mota inapowashwa. Zikikataa, nitamwambia fundi mbele ya watu wote kwamba mkono ni wangu, na chokaa ni yangu, na kwamba kaboni za Masunga hazikuwahi kurudishwa hata siku moja. Jina lako halitashikwa na kosa langu.

Haya, lala salama, baba. Lakini nijibu upesi. Baba yako usimtokee ndotoni, yeye akiota huamka kashasahau. Bibi yako atasema umekuja kuomba ugali. Mimi usingizi wangu ni wa kuku. Mtokee Kabula, analala upande wako. Usimwambie mengi, atalia. Neno moja linatosha, nikate nyingine: laini, au ngumu. Leo ni Ijumaa.

Mimi mayu wako,
Bariadi