Sahani ya Njoroge

Mjukuu wangu Chebet,

Nakusalimu kutoka hapa Nakuru. Nyanya yako bado anakohoa, lakini ng'ombe amezaa salama.

Unauliza kwa nini sisi wazee tuliosoma chuo kimoja, tukienda kila Desemba kuwapikia mayatima wa Gilgil, tunaacha sahani moja imejaa mezani. Ni ya rafiki yangu Njoroge. Tulianza kuwapikia tukiwa wanafunzi, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, na desturi yetu ilikuwa anayepakua hula mwisho. Siku ya zamu yake, askari walimchukua kabla hajala. Tukasema, "Wacheni hiyo sahani, atarudi." Hakurudi.

Sasa wenzangu wote wameshatangulia. Desemba hii niliiweka peke yangu. Yatima mmoja mdogo, msichana niliyemwambia ni ya Njoroge, akaja akaifunika, akaniambia, "Babu, isipoe kabla hajafika."

Ni mimi babu yako.