Spiriti kwenye Santuri ya Baba yake Luvenia

Ozella, kaa kwanza.

Ile santuri ya baba yake Luvenia, hotuba ya mgomo wa kiwandani, sauti yake pekee iliyobaki, imekufa. Imekufa!

Fundi wa makumbusho alitaka kuiingiza kwenye kompyuta. Mashine ya maana, sindano sahihi. Halafu akaipangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Spiriti, dada! Santuri za zamani zile zinayeyuka!

Luvenia akaona kitambaa kimekuwa cheusi. "Mbona inatoa rangi?"

"Uchafu tu, mama."

Uchafu tu!

Sindano iliposhuka, ni mchakacho mtupu. Kiwanda kilimfukuza mzee akiwa hai, hawa wamemfuta sauti. Nimewapayukia palepale, lakini nani atairudisha?

Luvenia hakugomba. Kakiomba kile kitambaa, kakikunja taratibu, kakitia kwenye mkoba.