Nahodha Kaacha Meli

Burbank, 3 Agosti 1965

Shikamoo Baba,

Habari za huko Wilber? Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi sina.

Wimbo wangu wa kufungulia kipindi cha televisheni umekataliwa. Bwana wa kampuni ya sabuni inayolipia kipindi kausikiliza, akauliza, "Sasa huyu mzee wa kwenye wimbo ni nani, na hao wasichana kawatoa wapi?" Niliimba mawimbi na upweke wa moyo, Baba, maneno matamu kweli! Wamenipa wiki mbili. Nikishindwa, narudi nyumbani kufanya kazi kwenye dirisha la benki kama nilivyokuahidi. Haya, furahi.

Kisa chenyewe: nahodha mstaafu anaachiwa shule ya wasichana na dada yake marehemu. Basi. Nina dakika moja ya kukieleza chote.

Binti yako,
Arlene

Wilber, 8 Agosti 1965

Mwanangu Arlene,

Marahaba. Sisi wazima, goti tu ndilo limegoma. Mama yako anakutumia kolache, vile vikate vitamu vya plamu. Kula mwenyewe, usigawe studio nzima.

Nakutaka nyumbani, sikufichi. Lakini umenikera! Mawimbi ya nini? Wimbo ukipigwa, nani yuko mbele ya televisheni? Mama yako yuko jikoni anakata mkate, mimi niko chooni, na jirani yetu Ludmila ndiyo kwanza anabisha hodi. Tuambie sisi! Ni nani, katoka wapi, kagombana na nani. Na uimbe kwa sauti, maji ya bomba yasikufunike.

Nimechukua akodiani yangu, nikajaribu kwa polka, mdundo wetu wa kurukaruka:

Nahodha kaacha meli,
karithi shule ya dada,
wasichana ni wakali,
na mpishi ana inda!

Nilipiga ndani, Ludmila yuko nje barazani. Akapaza sauti, "Masikini nahodha! Wanawake wote hao!" Umeona? Kama na hapo hujaelewa, njoo benki.

Baba yako,
Emil

Burbank, 19 Agosti 1965

Shikamoo Baba, shikamoo tena!

Natumaini nyote hamjambo, maana mimi narukaruka tu.

Nimeuimba wimbo wako nikiwa nje ya chumba walimokaa, mlango wazi. Bwana wa sabuni akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza, "Mpishi ndiye nani?" Baba! Kwenye kisa hakuna mpishi! Umemtoa wapi? Nikajua nimekwisha. Kumbe wamemtafuta mama mmoja mnene wa kuigiza mpishi, kwa sababu kubadili kisa ni rahisi kuliko kuuharibu wimbo.

Wamenipa kazi ya mwaka mzima. Sirudi, Baba. Niandikie hata kama umenuna.

Binti yako,
Arlene

Wilber, 27 Septemba 1965

Mwanangu Arlene,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Sikununa; nilikuwa nasubiri kipindi chenyewe. Mpishi nilimtia mimi, mstari ulikuwa mfupi. Ungefanyaje?

Jana sebule ilijaa: mama yako, Ludmila, na wapiga polka wenzangu wote. Jina lako likapita pale kwenye kioo, mama yako akalia waziwazi, nami nikajidai nina mafua. Benki nimewaambia watafute mtu mwingine. Nimekukumbuka sana, mwanangu, lakini kaa hukohuko.

Kipindi chenyewe usiniulize. Wimbo ulipokwisha tulizima televisheni, tukauimba na kuucheza tena na tena mpaka Ludmila akapoteza kiatu.

Baba yako, anayeuringia mji mzima kwa ajili yako,
Emil